Mama Stensili na Swali la Saba

Baada ya miaka ishirini na tisa ya kupiga chapa mitihani yote ya shule yetu, Mama Stensili anastaafu Ijumaa hii, tarehe thelathini Januari. Ninaandika haya kwa furaha, na sababu mtaijua mkinivumilia kidogo.

Alianza kazi katika chumba kile kidogo kando ya stoo, kwenye mashine isiyokuwa na alama ya kipeuo, √. Kila tulipomletea milinganyo ya kwadratiki, ile yenye x mraba, aliacha nafasi, kisha akaichora alama hiyo kwa mkono kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kudurufia, moja baada ya nyingine. Mwaka wa tisa uzalendo ukamshinda. Alikuja ofisi ya walimu kulalamika kwamba amemchora mdudu huyu miaka yote bila kujua anakula nini.

Nikamweleza, nikidhani ni utani wa saa ya chai. Hasi b, jumlisha au toa kipeuo cha b mraba kutoa nne a c, halafu yote igawanywe kwa mbili a. Aliinakili kanuni kwenye kipande cha boksi, akakibandika ukutani. Tangu hapo hakupiga chapa swali bila kulitafuna kwanza.

Halafu ukaja mtihani wa muhula wenye swali la saba, alama kumi na mbili nzima: 2x² + 3x + 5 = 0. Mama Stensili akakokotoa: tisa kutoa arobaini, hasi thelathini na moja. Kipeuo cha namba hasi? Wanafunzi wangetokwa na jasho la bure! Alipanda ngazi, akauliza kwa adabu zote kama alama iliyo kabla ya tano haikupaswa kuwa ya kutoa. Ilikuwa kutoa. Sasa ikawa arobaini na tisa, kipeuo saba, na majibu yakajitokeza: moja, na hasi mbili na nusu. Mwalimu mzembe huyo ni mimi, na hadi leo nikimpelekea karatasi huniuliza kwanza kama nimelala vizuri.

Lakini yeye mwenyewe hakuwa na cheti. Aliapa hatakabidhi funguo kabla ya kufaulu Hisabati ya kidato cha nne. Mara ya kwanza alianguka: aligawanya kipeuo peke yake, akaiacha hasi b nje ya mlango. Mara ya pili akaanguka tena, na wiki nzima hakutaka salamu ya mtu. Mumewe, fundi viatu, alimsihi apumzike, umri umekwenda. Siku iyo hiyo akajiandikisha mara ya tatu.

Matokeo yalitoka jana saa nne asubuhi. Tulirundikana kwenye kompyuta moja, yeye akabaki chumbani kwake akijifanya ana kazi. Nilishuka ngazi mbilimbili. Amefaulu, tena kwa B! Alifunika uso, akalia, akacheka, akalia tena. Mumewe alikuja mbio na kiatu cha mteja mkononi.

Ratiba ya Ijumaa tulikuwa tumeiita "Kumuaga Mstaafu Wetu". Leo ameipiga chapa upya, kazi yake ya mwisho hapa, akabadilisha neno moja bila kumwuliza mtu: "Kumuaga Mhitimu Wetu". Nimelikagua mara mbili, halina kosa.

Asante, Mama. Maisha yawe mema kwako na kwa fundi wako.