Sauti ya Eliza Kengele Katika Mashine za Pirbhai

Wazee wangu shikamooni, wenzetu wa msikitini asalaam aleikum, mchungaji na wanakwaya Bwana asifiwe. Mimi ni Ernesti, mdogo wake marehemu, familia imenituma niwasomee habari za maisha yake, na mnivumilie, maana katika nyumba yetu dada ndiye aliyepewa sauti, mimi nilipewa kikohozi.

Dada yetu Elizabeti Timotheo, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina la Eliza Kengele, alizaliwa tarehe 14 Agosti 1953 katika kijiji cha Kigombe, akiwa mtoto wa kwanza wa mzee wetu Timotheo, katekista, huyu mnayemwona amekaa hapa mbele, na marehemu mama yetu Agnesi. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Kigombe kuanzia mwaka 1961 hadi 1967, na Jumapili aliimba kwaya kwa sauti iliyowafanya hata waliochelewa ibada wakaze mwendo. Utoto wetu ulikuwa wa kukimbia kwenye visiki vya mkonge na kuanguka, na baba hakuwa mtu wa kumbeba mtoto aliyeanguka, alisimama pale pale na kusema, "Inuka, mwanangu, bado hujafika," nasi tukainuka huku tunalia. Maneno hayo nayasoma mapema kwa sababu yatarudi.

Mwaka 1970 alikuja hapa Tanga mjini kufanya kazi katika kiwanda cha kamba, na mwaka 1972 akachukuliwa na bendi ya kiwanda, Pongwe Sauti, ndiko alikopata hilo jina la Kengele. Nyimbo zake zilipigwa redioni, picha yake ikabandikwa kwenye vibanda vya vinyozi, na mimi nikawa naingia dansini bure, jambo ambalo sijaacha kumshukuru. Baba hakuipenda kazi hiyo, ila alinyamaza, kwa kuwa kila Krismasi binti alirudi Kigombe kuimba kwaya. Tarehe 6 Desemba 1975 alifunga ndoa na shemeji yetu Noa Mhina, fundi wa reli, nao wakajaliwa watoto wawili, Timotheo mdogo, aliyezaliwa mwaka 1977 na kupewa jina la babu yake, na Perpetua, aliyezaliwa mwaka 1980.

Kisha ikaja miaka ile ambayo wenye umri wangu hawahitaji kuelezwa, miaka ya foleni ya sabuni, foleni ya sukari, na foleni ambayo watu walijipanga kwanza ndipo wakauliza inauzwa nini. Gitaa la bendi lilifungwa waya wa breki ya baiskeli, na dada aliimba hivyo hivyo, na watu wakacheza hivyo hivyo. Tarehe 3 Mei 1983 Timotheo mdogo alifariki kwa malaria, akiwa na umri wa miaka sita, na dada aliambiwa mlangoni mwa wodi, amesimama na chupa ya uji mkononi. Aliacha kuimba, hata jikoni hakuimba, na alipoanza kupata nguvu, mwaka 1986, kiwanda kikashindwa kuendesha bendi ikavunjwa, akawa anachoma vitumbua Chumbageni.

Zilipokuja enzi za ruksa, biashara zilipofunguliwa, ndugu yetu Moiz Pirbhai, ambaye familia yake ilikuwa ikiuza vitambaa Ngamiani, aliingiza kutoka Dubai mashine za gemu, yale makabati yenye kioo kama cha televisheni, akafungua kampuni, na mwezi Juni 1989 akamwomba dada aimbe siku ya kufungua ukumbi wake Barabara ya Kumi na Mbili. Dada aliimba, mji ukajaa, na tangu siku hiyo wakawa wanafanya kazi pamoja, yeye anaimba mbele ya ukumbi kila Jumamosi, watoto wanacheza ndani. Baba aliposikia alisema hiyo ni kamari iliyovaa taa, akanituma mimi nimwambie asikanyage Kigombe mpaka aachane na masanduku ya shetani. Nilimfikishia. Alilia siku nzima, kisha akaniambia kwamba baba anamtaka na yeye anamtaka baba, lakini tangu mwanawe afariki hiyo ndiyo mara ya kwanza watoto wanamzunguka naye hakimbii, na hawezi kukiacha kitu hicho. Basi Krismasi ikapita bila yeye, na nyingine, na kwaya ya Kigombe ikaimba kama redio iliyoishiwa betri.

Mwaka 1991 Mustansir, mpwa wake Moiz na fundi wa kampuni, alipata kidude cha kuhifadhi sauti, akaamua mashine ziache lugha za watu ziseme Kiswahili, na sauti iwe ya Eliza Kengele. Moiz alitaka maneno mawili tu, mtoto akishinda aambiwe "Umeshinda," akishindwa aambiwe "Umekufa." La kwanza dada alilisema, la pili aligoma. Moiz akamwambia, "Mama Timo, ni mchezo tu," naye akajibu, "Moiz, neno hilo nimeshaambiwa mimi, simwambii mtoto wa mtu." Akachukua kanga yake akarudi kwenye vitumbua, na wakati huo nyumbani kwake hali ya fedha haikuwa nzuri hata kidogo. Aliyemaliza ugomvi ni Mama Kulsum, mzazi wake Moiz, aliyemwambia mwanawe kwamba nyumba inayowatajia kifo watoto wa majirani yeye haipikii chai. Moiz alikuja mwenyewe mpaka kwenye karai la vitumbua kuomba radhi, akamwambia aseme analotaka. Dada hakufikiri mara mbili, akaenda akasema, "Inuka, mwanangu, bado hujafika."

Hivyo ndivyo watoto wa mji huu, na wa Moa, na wa Mkwaja zilikopelekwa mashine pamoja na jenereta, walivyoanguka na kuinuliwa na dada yetu, na wengi wao leo wana ndevu, nawaona pale nyuma.

Mwaka 1993 Moiz alifungua ukumbi Kigombe, bila kuuliza ni kijiji cha nani, na baba akaenda na Biblia yake kuwatoa watoto. Kabla hajafungua mdomo umeme ukakatika, hilo halimshangazi mtu hapa, mashine zikazimika, naye akaketi kwenye kreti la soda kungoja, kwa sababu hotuba yake alitaka aitolee kwenye mwanga. Sasa Mustansir, Mungu ambariki, alikuwa ameunganisha nyaya kwa makosa, umeme ukirudi kila mashine inasema la kushindwa kabla mtu hajacheza. Umeme ukarudi, na mashine zote kwa pamoja, kwa sauti ya binti aliyemfukuza, zikamwambia mzee, "Inuka, mwanangu, bado hujafika." Baba akainuka! Katekista mzima, akasimama wima kama mtoto wa shule, ukumbi ukapasuka kwa kicheko, naye akacheka mpaka akalia, na kicheko kilipoisha kilio kikabaki. Kesho yake alikuja mjini na kikapu cha mihogo na dagaa, akabisha hodi kwa dada, na Krismasi ya mwaka huo Kigombe kulikuwa na kwaya. Mustansir alitaka kusahihisha zile nyaya, baba akamkataza.

Mwaka 1997 dada alianza kusumbuliwa na koo, akatibiwa hospitali ya Bombo, kisha Dar es Salaam, ikaonekana ni saratani, akafanyiwa upasuaji tarehe 20 Februari 1998, na hakusema tena. Alikuwa akituomba kwa ishara tumpeleke mpaka mlangoni mwa ukumbi, akae kwenye benchi ajisikilize, na mtoto akishindwa ndani, sauti ikaita, yeye nje alicheka bila sauti. Alifariki Jumanne tarehe 9 Machi 1999, alfajiri, nyumbani kwake, baba akiwa amemshika mkono, akawaacha shemeji Noa na binti yao Perpetua.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Bombo na wa Dar es Salaam, majirani wa Chumbageni mliopika na kuchota maji, waliobaki wa Pongwe Sauti, mchungaji na kwaya, na familia ya Pirbhai mliosimama nasi kama ndugu. Moiz alitaka leo kumbi zote zifungwe, baba amesema hapana, ziache wazi, watoto waendelee kuitwa.

Nawe dada, baba ameniagiza niseme yeye mwenyewe akiwa hapa, kwa kuwa maneno ni yake. Leo hatukwambii uinuke. Umefika, mwanangu. Pumzika.