Zima Mashine Kwanza

Wasikilizaji wapendwa, vuteni viti. Najua mmechoka. Hata hapa studio tumechoka, maana msiba unachosha kuliko kazi. Bi Kaza hatunaye tena. Mtaalamu wa viungo wa timu ya wanariadha wanawake, aliyetumia maisha yake kuamsha mapaja ya watu, ametutoka.

Jina la Bi Kaza alipewa na wasichana wake. Alikuwa akiweka kiganja juu ya paja la mwanariadha na kusema, "Kaza. Nisikie." Ukilegea, alikwambia hapo hapo kwamba paja lako bado limelala.

Yeye mwenyewe aliwahi kukimbia. Goti likaumia, akaambiwa yuko sawa, akarudi mbioni mapema. Hakukimbia tena. Alichechemea hadi mwisho.

Chumba chake cha kazi kilikuwa chini ya jukwaa la uwanja. Harufu ya dawa ya kuchua, mataulo yameanikwa dirishani, na katikati ubao wa kutetemesha. Mwanariadha anapanda, anakunja magoti, ubao unatetemeka, misuli ya mapaja inalazimika kufanya kazi. Vibandiko vyenye nyaya vinapeleka habari kwenye skrini. Msuli ukifanya kazi, mstari unapanda.

Basi mpwa wake, binti wa dada yake, naye akaumia goti. Mbio za kuchagua timu zilikuwa zimekaribia. Juu ya ubao, mstari wa paja lake bovu ukapanda, ukalingana na wa paja zima. Kocha akachekelea. Binti akaanza kufungasha.

Bi Kaza roho haikutulia. Paja lile alikuwa amelishika kwa mkono wake. Akachukua taulo bichi, akalikunja, akalibandika nyaya, akaliweka juu ya ubao, akawasha. Mstari ukapanda. Wasikilizaji wapendwa, taulo lilikuwa na misuli.

Mashine ilikuwa inajisoma yenyewe. Mtetemo ulitikisa nyaya, watu wakauita nguvu. Akazima. Akaweka kiganja juu ya paja la mpwa wake. "Kaza. Nisikie." Hakusikia kitu cha maana.

"Hukimbii," akasema.

"Mama mdogo, skrini imesema niko sawa."

"Hata taulo liko sawa, mwanangu."

Wenzake wakaondoka kwenda mbioni bila yeye. Alimnunia mama yake mdogo msimu mzima. Alikuja mazoezini, akafanya alichoambiwa, akaondoka bila kuaga. Tangu siku ile ikawa sheria chumbani mle: kabla ya kupima paja, zima mashine kwanza. Ubao ulisaidia, ndiyo, ila kidogo kidogo.

Dada wa marehemu ametusimulia: "Alikuwa anarudi hoi, anakaa hata viatu havui. Ananiambia, dada, mwanao hanitaki, lakini goti lake lipo."

Msimu uliofuata binti alikimbia. Hakushinda. Alimaliza kwa miguu yake miwili, akaenda moja kwa moja kwa mama yake mdogo, akamwegemea begani. Anakimbia hadi leo.

Kisha maradhi yakamwandama Bi Kaza, yakaanzia miguuni. Mpwa ndiye aliyemwinua kitandani kila asubuhi. Anasema: "Siku ya mwisho niliweka kiganja pajani kwake. Nikamwambia, kaza, mama mdogo, nisikie. Akanijibu kwa sauti ndogo, zima mashine kwanza. Nikatazama, kulikuwa na feni tu. Nikaizima. Nikatulia. Paja likajibu. Kidogo sana, lakini lilikuwa lake."

Alifariki mchana ule.

Kwa dada yake, kwa mpwa wake, kwa wasichana wote waliopita chini ya kiganja kile, poleni sana. Tunaumia pamoja nanyi.

Nanyi wasikilizaji wapendwa, pengine hapo nyumbani yupo mtu mnayeambiwa kila siku kwamba yuko sawa. Msogeleeni. Mshikeni mkono, msikilizeni. Zimeni kinachopiga kelele, hata kama ni redio hii.