Vikombe vya Bonde Tupu

Kijiwe cha Damaris kiko pale Rodi, mbele ya fundi wa baiskeli: benchi moja, birika moja la kahawa na maneno yasiyoisha. Wakaaji wake hawaitwi kwa majina ya kanisani. Kuna Profesa, aliyefundisha darasa la tatu mpaka akastaafu. Kuna Satelaiti, wa bodaboda, asiyetoa macho kwenye simu. Na kuna mzee Onyango, anayeitwa Geti kwa sababu alilinda lango la mbuga mpaka mvi zikamjaa. Siku hiyo Geti alifika amechoka hata kabla hajakaa. Magotini aliweka nakala ya mchoro wa zamani wa bonde uliochorwa na mzungu, nakala aliyoifuata Nairobi kwenye hifadhi ya nyaraka za serikali. Mama yake, ambaye haoni tena, alizaliwa bondeni humo kabla halijawa mbuga. Alimwomba jambo moja tu: amwambie kama boma la baba yake limo kwenye picha. Jioni hiyo alikuwa akimngoja.

— Nyasi, mlima, na swala mmoja, Geti alisema. Nyumba hakuna.

— Lakini Geti, si hii ndiyo picha ya vile vikombe ulivyokuwa unauzia watalii langoni? Damaris akauliza.

— Ndiyo hii. Miaka yote nafunga na gazeti visivunjike. Sikuwahi kuiangalia.

Aliona aibu kulisema, ila alikuwa amechoka mno kulificha.

— Huyo mzungu hakufika, Profesa alisema. Alichorea kwao, akiwa na homa.

— Alifika, mzae, Satelaiti akasema. Nyumba alizifuta. Zilikuwa zinamharibia picha.

— Basi na mlima si wetu, Profesa akajibu. Huo ni wa Tanzania, walikuja kuuazima.

— Na swala je? Damaris akauliza.

— Swala alilipwa asimame hapo!

Walicheka, lakini Geti hakucheka. Damaris akamwongezea kahawa na kushusha sauti.

— Baba, mwambie tu boma linaonekana. Kwani ataona?

— Wewe humjui mama yangu, min Onyango. Ataniuliza moshi unatoka nyumba gani.

Kwenye ncha ya benchi alikuwa ameketi mgeni, Mwikwabe, mfanyabiashara kutoka Ntimaru aliyekuwa akingoja gari la Migori. Aliomba karatasi, akaitazama kwa heshima kama mtu anayetazama picha ya marehemu.

— Samahani wazee. Lango la hilo boma lilikuwa limeangalia wapi? Sisi kwetu ukijua lango, utajua boma lilikaa upande gani wa mlima. Labda limefichwa tu na mlima.

Profesa alikohoa. Satelaiti alirudi kwenye simu yake. Geti akatazama mikono yake. Lango la mbuga alilijua mpaka mlio wa bawaba zake. La nyumbani kwa mama yake hakuwahi kuliuliza, na mama alikuwa naye siku zote, jikoni, akipepeta mtama. Iliuma kuliko alivyotarajia.

Damaris aliinamisha birika. Yalitoka machicha tu.

— Kahawa imeisha, alisema.

Geti akaikunja karatasi, akainuka akishika kiuno.

— Sasa mama utamwambia nini? Profesa akamuuliza.

— Simwambii kitu. Naenda kumuuliza.