Historia ya Dada Kopo, Aliyeng'oa Miche ya Chemchemi kwa Mikono Yake

King'ora cha zamu ya usiku kililia kiwandani saa sita kamili, tarehe 11 Machi 1979, na kabla hakijanyamaza mtoto naye akaanza kulia, katika chumba namba saba cha nyumba za wafanyakazi wa kiwanda cha sabuni, na baba yetu, aliyekuwa anatakiwa kuingia zamu hiyo, akachelewa kazini kwa mara ya kwanza na ya mwisho maishani mwake, akamwambia msimamizi, "Nisamehe mkubwa, nimepata binti, na sauti yake imekishinda king'ora chenu." Huyo ndiye dada yetu tunayemsindikiza leo, mzaliwa wa kwanza katika watoto watano, ambaye wengi wenu mnamjua kwa jina moja tu, Dada Kopo.

Ndugu waombolezaji, anayewasomea ni mdogo wake wa mwisho, anaomba mmvumilie. Familia ilikaa juzi kuandika historia hii, na ulipofikiwa mwaka 2020 baba mdogo akasema, kwa nia njema kabisa, "Hapo andikeni aliacha kazi kwa sababu zake binafsi, yaishe, tusimchafue mwenzetu mbele za watu," na wote wakaitikia, na kitindamimba naye akaitikia, lakini leo mwaka huo utasomwa wote, hata kama msomaji atashuka hapa hana kazi.

Marehemu alianza darasa la kwanza mwaka 1986 katika shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, akamaliza mwaka 1992, akajiunga na sekondari ya wasichana mwaka 1993, ambako siku moja alipewa adhabu ya kufagia uwanja kwa kuchelewa, akaona makopo ya maziwa yanavyotupwa, akayaokota, akayatoboa chini kwa msumari, akapanda mbegu za mipapai, wenzake wakamcheka, "Kopo, utakula makopo wewe?", jina likanata, na papai la kwanza lilipoiva wale wale waliocheka ndio waliokuwa wa kwanza kupanga foleni. Alimaliza kidato cha nne mwaka 1996, na mwaka 1999 akapata stashahada ya maendeleo ya jamii.

Tarehe 1 Februari 2000 aliajiriwa idara ya vijana, katika chumba chenye meza moja na viti vitatu, kimoja mguu wake umefungwa kwa waya, na hicho ndicho alichokikalia yeye ili wageni wasianguke, na mwaka 2008 akahamia shirika la mazingira kuwa afisa wa vijana. Huko alikusanya vijana waliokuwa wanashinda vibarazani, akawa anasema kijana ukimpa hotuba atasinzia, mpe jembe na cheo, kwa hiyo kila aliyefika kwenye kitalu alipewa cheo siku hiyo hiyo, waziri wa mbolea, jenerali wa maji, na msicheke, maana jenerali wa maji wa mwaka 2010 leo ndiye mpimaji wa maji machafu ya viwanda, yumo humu ndani, na vijana mia moja na arobaini waliopita mikononi mwake wengine ni mabwana misitu, wengine walimu, wengine wanaendesha vikundi vyao wenyewe.

Tarehe 14 Desemba 2002 alifunga ndoa na fundi baiskeli, shemeji yetu, ambaye aliitwa kutengeneza toroli la idara, akarudi mara tatu kuliangalia gurudumu, na toroli lenyewe lina gurudumu moja, mpaka marehemu akamwambia, "Fundi, sema ulichokuja kusema, gurudumu limepona." Walijaliwa mabinti wawili, wa mwaka 2004 na wa mwaka 2007.

Sasa ndugu zangu tunafika pale penyewe. Mwaka 2019 shirika lilipanga kuzungushia chemchemi ya mtaa wetu miti ya mizambarau, ambayo hutunza maji, na kwenye kitalu cha shirika ilikooteshwa, kitanda cha pili, kulikuwa na mikaratusi ya kuuzwa nguzo, ambayo hunywa maji kama ina deni nayo, na miche ya aina hizo mbili ikiwa midogo inafanana majani, kwa hiyo marehemu aliweka sheria kwamba hakuna mche unaopakiwa kabla jani lake halijapondwa kidoleni na kunuswa, kwa sababu mkaratusi haujifichi, unanuka dawa ya mafua. Aliyepewa kazi ya kunusa tarehe 9 Aprili 2019 alikuwa msichana wa miaka kumi na minane, yuko kwenye majaribio ya kazi, ana mimba changa ambayo hajamwambia mtu, na harufu yoyote ile ilikuwa inampeleka nyuma ya tangi kutapika, akaogopa wakijua hawatamwajiri, akafuata vijiti vya alama tu, na vijiti mvua ilikuwa imeviangusha, na yeye mwenyewe ndiye aliyevirudishia kwa kukisia. Dada akamuuliza, "Umenusa yote?" Akajibu, "Yote, Dada." Miche mia nne na kumi na miwili ikaenda kupandwa.

Mwezi uliofuata marehemu alikwenda masomoni kwa miezi minane, waliobaki wakafurahi jinsi miti inavyokua upesi, na aliporudi Januari 2020 akaenda moja kwa moja chemchemini, akaponda jani moja, likanuka dawa ya mafua, akakaa chini. Maji yalikuwa yameanza kupungua. Mkurugenzi wa shirika alitaka miti iachwe mpaka wafadhili wapite wapige picha, marehemu akasema maji hayasubiri picha, akaing'oa na vijana wake kwa siku tatu, viganja vikachubuka, na alipoulizwa kikaoni nani alinusa, alijibu, "Afisa ni mimi, pua ni yangu." Tarehe 28 Februari 2020 akaachishwa kazi, mtaani wakasema Kopo aliiuza chemchemi kwa wafanyabiashara wa nguzo, hata dukani walimwambia, "Mama nguzo, leo unanunua sabuni ya rejareja?", naye akalipa, akaaga, akaondoka.

Aliyesema "Yote, Dada" ni mimi. Mwezi ule ule dada alipofukuzwa mimi nilithibitishwa kazini, na bado niko huko, na mkurugenzi wangu amekaa mstari wa mbele, ananiangalia, na mimi namwangalia. Dada hakuuza chemchemi ya mtu. Jana nilimwambia shemeji, akafuta kwa kitambaa mikono ambayo ilishakuwa safi, kisha akasema, "Miaka minne tangu afukuzwe nimelala na mwanamke huyu, hakunidokezea. Kasome, shemeji. Soma yote."

Juni 2020 marehemu alianzisha kitalu chake nyuma ya karakana ya mumewe kwa makopo sitini, vijana thelathini wakamfuata, na mizambarau ya kweli ikapandwa chemchemini mwaka huo, akinusa mwenyewe mche mmoja mmoja, na maji leo yamerudi mpaka kwenye jiwe la kufulia. Mwaka 2022 aliitwa kufundisha maafisa vijana wapya.

Agosti 2023 miguu ilianza kumvimba, ikagundulika ni figo, akawa anasafishwa damu mara tatu kwa wiki, na wodini aliwapa wauguzi vyeo, na tarehe 6 Mei 2024, saa kumi na dakika ishirini alfajiri, alituacha, akiwa na miaka arobaini na mitano.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa kitengo cha figo, majirani waliotupikia na kutulelea watoto, wafanyakazi wenzake wa zamani na wa sasa, na vijana waliochangia damu mpaka wakarudishwa nyumbani.

Pumzika kwa amani, Dada, jina lako ni safi, na unisamehe kwamba katika sisi wawili ni mimi niliyeshindwa kunyamaza, maana jioni ile kabla ya kikao cha mkurugenzi nilikuja jikoni kwako na mtoto mgongoni, nikasema sikunusa hata mmoja, nawe ulikuwa unakata vitunguu, hukugeuka, ukauliza, "Umemwambia nani?", nikasema wewe tu, ukaweka kisu chini, ukasema, "Basi mnyonyeshe mtoto, akinyonya hofu hatalala. Mimi sitamwambia mtu mwingine."