Utani wa Saa ya Ukutani

Kahawa ya kijiweni ilikuwa ya moto lakini Fundi Kompyuta hakuigusa. Miaka sita nyuma alitunga programu ya bure: ukiwasha kompyuta, inakutupia methali au utani. Yeyote aichukue, ainakili, ampe jirani, ruhusa haiombwi. Kwa hilo alijisifu mpaka benchi likachoka. Utani mkali aliutia kwenye faili la peke yake, usitokee mpaka uuombe. Sasa mtu asiyemjua kamwandikia: faili lile litoe, linaumiza watu. Maskini, tangu jana hana raha.

— Usitoe! alifoka Wakili, ambaye mahakamani aliwahi kufika mara moja tu, kama mshtakiwa. Wahenga walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Basi yaache yamwagike!

— Kwani nani kalazimishwa? aliuliza Kinyozi. Si lina mlango? Asiyetaka asigonge.

— Toleo la mwisho nililitoa nikisinzia, alisema Fundi. Mlango nilisahau kuufunga, utani mkali unatoka bila kuombwa.

— Afadhali! alidakia Wakili. Hao wanaolalamika wanataka tusicheke. Mtu asiyecheka anatii upesi, wameshapima.

— Ndiyo maana watoto wa siku hizi wanazaliwa wamenuna! aliongeza Kinyozi.

Wakacheka. Fundi hakucheka, kwani dada yake alikuwa anavuka barabara na sare yake ya mapokezi ya zahanati. Dada huyu hajawahi kukanyaga kijiweni.

— Shikamoo, dada.

Badala ya marahaba alikunjua karatasi.

— Ile kompyuta uliyotuwekea imeniandikia hivi leo, wagonjwa wako foleni: “Mke mgumba ni saa isiyo na betri, inapendezesha ukuta tu.” Haya maneno mume wangu aliniambia siku aliyoniacha. Nilikusimulia wewe peke yako, mdogo wangu, nikilia.

Kinyozi, aliyewahi kuucheka utani huo mpaka akashika mbavu, aliinamia kikombe chake. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Ni kweli, maneno ya dada aliyafanya utani, akauleta mwenyewe hapa benchini, apate kuchekesha naye siku moja kama wenzake.

— Nisamehe, dada. Naufuta leo hii.

— Kwako utaufuta. Huko kwingine uko kwenye kompyuta ngapi?

Fundi akamtazama Wakili. Wakili akageuka kutazama barabara.

— Nakuuliza wewe. Ngapi?

— Sijui, dada.

Dada aliikunja karatasi, akaitia mfukoni, akarudi kwenye foleni yake.