Mkaguzi Aliyeonja Biskuti

Ndani ya basi, mzee mgane alitega sikio. Mbele yake mwoka biskuti alikuwa akimsimulia wifi yake kwamba tangu anunue oveni ya pili, hata mkaguzi wa afya amemtembelea.

"Alikagua sinki?"

"Wala! Alionja biskuti moja, kisha akauliza tu unga nikishaukanda naulaza muda gani."

Mzee akaguna. Tangu amzike mkewe, aliyetibiwa na daktari bandia, hakumwamini tena mtu mwenye kitambulisho shingoni.

"Na wewe ukamwambia?" wifi akauliza.

"Si mtu wa serikali, wifi? Tena ana adabu. Mkewe naye anafungua duka la biskuti."

"Yarabi! Umejimaliza mwenyewe."

"Acha wivu. Kesho anakuja kutazama nikichanganya."

Basi likasimama. Mwokaji akashuka akicheka, wifi nyuma yake akimsihi kesho ajifanye mgonjwa, asichanganye chochote.