Nadhira na Mbu wa Shumba

Masheikh, wazee wangu na majirani, asalaam alaykum. Mimi ni Mbarouk, mdogo wake marehemu, naomba mnivumilie nikiharakisha maneno, maana nina msiba na nina habari, na sijui kipi kitanitoka mwanzo.

Dada yetu Nadhira Haroub Matano alizaliwa Tumbe tarehe 14 Machi 1978, akasoma hapo hapo, kisha sekondari Chake Chake na chuo cha afya Unguja, na mwaka 2003 akaajiriwa kitengo cha malaria, akapewa kazi ya kufuga mbu, naam, kufuga, Pemba nzima tunawafukuza, yeye anawanywesha maji ya sukari, ili awajaribie dawa za kupulizia majumbani, aone kama bado zinaua.

Tarehe 9 Julai 2005 aliolewa na Bwana Ashraf Kificho wa Shumba Viamboni, wakajaaliwa Zulekha, Asma na Rajab, na Zulekha malaria ilimchukua mwaka 2007, hajatimiza mwaka. Tangu hapo dada hakuwa na mzaha na mbu.

Mwaka jana Shumba ilipuliziwa dawa mpya, akaenda na vikombe vyake vya mbu, akawafunikia humo ukutani nusu saa, kesho yake akawakuta wazima wanaruka, akaandika kwa uchungu kwamba dawa haifai. Kumbe Idi ilikuwa imekaribia, na mkwewe, Bi Mwanawema, yupo hapa na ataniwia radhi, alikwisha paka chokaa juu ya dawa kwenye ukuta ule ule, na alipoulizwa akajibu, "Sasa wageni wa Idi n'tawapokea na kuta chafu, mwanangu?" Nadhira alicheka mpaka akakaa chini, akaifuta taarifa yake, akaomba jaribio lirudiwe.

Limerudiwa mwezi huu, figo zimeshamlemea, na kila alipokuja mwenzake wa kazini, Vuai, kumtazama hospitali, salamu ya dada ilikuwa moja, "Wamekufa?" Alituacha alfajiri ya Jumatatu, tarehe 18 Agosti 2025, mbu hawajahesabiwa.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa Chake Chake, majirani wa Shumba mliopika na kuchimba kaburi, na wenzake wa kazini, Mungu awalipe kheri.

Wenzake hao walinipigia jana jioni. Mbu waliowekwa kwenye ukuta usio na dawa wako hai, kama inavyotakiwa, na waliowekwa kwenye dawa hakusalia hata mmoja. Dawa inaua, jamani, inaua!

Wamekufa, dada. Lala kwa rehema za Mola wako.